Peres Wawili na Safari ya Jinja

Kama gazeti la wiki jana lilikupita, usihangaike, mkosi wangu si wa kukimbia. Mimi ndiye Nyokabi wa Kangemi, niliyeolewa na Odhiambo, Mluo, huku baba yangu akikataa hata kuonja soda ya harusi. Tunakaa Kileleshwa na binti yetu mmoja, Peres, ambaye ndio kwanza ameanza kutambaa.

Jina hilo alipewa na marehemu. Kwa kina Odhiambo, mtoto mchanga akilia bila kukoma hutajiwa majina ya wafu wa ukoo, na litakalomnyamazisha ndilo lake. Mama mkwe alitaja majina ya nyanya na mashangazi mpaka sauti ikamkauka. Alipotamka "Peres", mtoto akashika ziwa akanyonya. Peres alikuwa dada yake Odhiambo, aliyezama Ziwa Victoria, kwao Usenge, kabla mimi sijaolewa.

Niliwaacha pale nilipopiga simu nyumba ya wageni mjini Jinja, Uganda, ambako Odhiambo alipanga kutupeleka kwa gari akipata likizo. Nilitaka kitanda kidogo cha mtoto. Mwanamke aliyepokea akauliza mtoto anaitwa nani. Nikamwambia Peres. Peres Odhiambo, wa kutoka Nairobi, baba yake ni mtu wa Usenge.

Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Nani amempa jina langu?"

Na simu ikakatika.

Sasa, mimi ni Mkikuyu wa kanisa. Mizimu siiamini, ila naiogopa kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi. Nilijiambia kina Peres wamejaa dunia hii, hata kule Uganda wako. Lakini mtu ukimtajia mtoto mwenye jina lake hucheka, husema, "Ala, hata mimi ni Peres!" Haulizi nani amempa.

Tena kuna jambo sikuwaambia wiki jana kwa sababu nilidhani mtanicheka. Mtoto alikuwa mapajani pangu akitafuna kijiko. Aliposikia ile sauti kijiko kilimwanguka, akaitazama simu mpaka nilipoificha chini ya mto.

Jioni Odhiambo alirudi kutoka kazini Westlands akiwa na furaha zake.

"Wale wa Jinja wamesema aje? Wako na kitanda ya mtoto?"

"Aliyeshika simu anaitwa Peres."

Alikuwa anavua viatu. Kimoja kilibaki mkononi.

"Peres wako wengi, babe."

"Hiyo namba ulitoa wapi?"

"Online. Si kila mtu ako online? Na nilikwambia nitapiga mwenyewe."

"Na kwa nini tunapitia mpaka wa Malaba na wewe ni wa Usenge? Si Busia ndio iko karibu na kwenu? Mama atajua tumepita hapo juu bila kumwonyesha mtoto."

"Barabara ya huko ni mbaya."

"Imekuwa mbaya lini? Krismasi ulisema ni lami mpaka kwa mlango."

Akaenda kuoga. Mume wangu ukimbana anaoga. Siku hiyo alioga mpaka maji ya tangi yakaisha, na majirani wakaanza kugonga.

Nakiri kwamba hapo ndipo ningeisimamisha ile safari. Sikuisimamisha. Nilikuwa nimeitamani mno. Baada ya mwaka mzima wa hospitali, kufutwa kazi na kususiwa na ndugu zangu, nilitaka kumkalisha mtoto kando ya mto Nile nimwambie, ona, dunia ina mahali ambapo hakuna anayetujua. Nikaendelea kupanga. Nikanunua chupa ya chai, nepi za njia nzima, na kofia ya jua yenye masikio ya sungura.

Tukampeleka pia kuchanjwa homa ya manjano, maana bila ile kadi ya njano mpakani hamvuki. Nesi alituambia homa kidogo inaweza kuja baada ya siku chache, tusishtuke.

Homa ilikuja, na haikuwa kidogo.

Kisha kikaja kiti cha gari. Tulikiazima kwa Quincy, rafiki wa Odhiambo ambaye mtoto wake amekua. Tulishuka chini maegeshoni kumzoesha Peres kukikalia. Nilipomfunga mkanda alijikunja mgongo akapiga kelele ambazo sikuwahi kuzisikia kwake. Nikamtoa, akatulia. Nikamrudisha, akaanza tena. Muindi, mlinzi wa lango, alikuja mbio akidhani tumemfungia mtoto kidole mlangoni.

Namalwa, dada anayenisaidia nyumbani, alikuwa amesimama pale na kapu la nguo.

"Mama Peres, huyu mtoto hataki hiyo safari."

"Namalwa, ni kiti hataki. Watoto wote hawapendi kufungwa."

"Sawa. Lakini kwetu Bungoma mtoto akikataa njia, hata mkubwa hapiti."

"Kwenu Bungoma na kwao Usenge mtaniua kabla sijafika Nakuru," nikamwambia. Tukacheka. Mimi nilicheka kwa mdomo tu.

Jumamosi asubuhi mlango ukagongwa. Mama mkwe huyo, ametoka kwenye basi la usiku, amebeba dagaa wa omena, mtama na hasira zake. Hakuna aliyemwalika. Kwa kina Odhiambo habari hazihitaji kualikwa, hujipeleka zenyewe.

"Nyar Kangemi," akasema. Ndivyo anavyoniita, binti wa Kangemi, kwa mapenzi siku nzuri na kwa lawama siku kama hiyo. "Mnapeleka mjukuu wangu Uganda, na mnanipita hivi hivi kama jirani mbaya?"

"Karibu, Mama. Ni Odhiambo alipanga njia."

"Huyo iko wapi?"

"Ako chini anaangalia magurudumu."

Akaweka mizigo, akamchukua mtoto. Uso wake ukabadilika.

"Huyu ni moto!"

"Ni chanjo, Mama. Nimempa dawa."

Alimpakata akamtazama machoni kwa muda, na mtoto, aliyekuwa akilia tangu alfajiri, aliendelea kulia. Mama alimwita jina. "Peres. Peres nyathina, mtoto wangu." Jina lile lililomnyamazisha alipozaliwa sasa halikufanya kazi. Nilimwona bibi yule akiogopa.

Nikauliza swali ambalo sikuwahi kufikiria kuuliza.

"Mama, shangazi yake alipozama, mwili ulipatikana?"

"Ziwa hairudishi kila mtu."

"Na lile kaburi kando ya ua? Mbona nimeliona lina saruji na msalaba?"

"Tulizika yago."

Yago ni lile tunda refu, zito, linaloning'inia juu ya mti wake kama mkono wa mtu. Mnalijua. Kwetu tunaliita muratina, na babu yangu alichachushia pombe ya harusi. Kwao, mtu akipotea ziwani asionekane, tunda hilo hufunikwa sanda, likaliliwa, likashushwa kaburini badala yake, ili roho yake ipate mahali pa kulala. Mimi nimekuwa nikiweka maua juu ya tunda kila Krismasi na sikujua.

"Na kama aliyepotea akarudi?"

Mama aliacha kumbembeleza mtoto.

"Harudi. Tumemzika. Akija kwa mlango huyo si mtu wetu tena."

"Lakini akija, Mama? Na jina lake limechukuliwa na mtoto?"

"Nani amekutuma kuniuliza hiyo?"

"Nauliza tu."

"Jina ni blanketi moja, Nyar Kangemi. Watu wawili hawalali chini yake. Mmoja lazima abaki nje kwa baridi, na yule mdogo ndiye huwa hana nguvu ya kuvuta."

Nilishuka ngazi bila viatu. Lifti yetu imekufa tangu Pasaka.

Odhiambo alikuwa amechuchumaa kando ya gurudumu. Nikapanda kiti cha mbele, nikamwambia aingie afunge mlango. Akaingia. Nyuma yetu kile kiti cha mtoto kilikuwa tupu, mkanda wake ukining'inia.

"Dada yako ako hai," nikasema.

Nilitaka acheke. Nilikuwa namwomba Mungu Odhiambo anicheke, aniite mshamba, aniambie Wakikuyu wanapenda hadithi. Aliinamisha kichwa kwenye usukani.

"Hakuingia kwa hiyo boti," akasema. "Alikuwa amegombana na mzee wetu juu ya jamaa mmoja wa Jinja. Akatuambia anaenda na boti ya wachuuzi wa samaki. Kumbe alipanda gari na huyo jamaa. Boti ikazama. Simu yake alikuwa amezima ndio mzee asimpate."

"Na alipoiwasha?"

"Tulikuwa tumezika. Mzee alikuwa mgonjwa, hakutaka kufa kabla hajamlaza msichana wake. Wengine walisema tungoje. Hatukungoja." Alipangusa uso. "Akanipigia mimi. Nilikuwa town, Tom Mboya Street, hapo mbele ya duka za viatu. Niliposikia sauti yake nilikaa chini kwa barabara, watu wakanizunguka wakidhani nimeibiwa."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia abaki huko. Nyokabi, wewe huelewi. Mtu amezikwa. Akirudi atalala nyumba gani? Nani atampea maji? Nilimwambia nitakuwa nikimtembelea."

"Na siku Mama alitaja jina lake juu ya mtoto wangu?"

"Nilikuwa nimesimama kwa mlango. Ningesema nini? Mtoto alikuwa amenyamaza. Wewe ulikuwa unalia kwa furaha. Na mimi nikanyamaza."

Nilitaka kumpiga. Sikujua nianzie wapi.

"Kwa hivyo ile nyumba ya wageni ni ya Peres, na hii safari ni ya kumpelekea mtoto. Na jina? Alijua?"

"Nilimwambia mtoto anaitwa Ivyne."

"Ivyne! Na sisi ungetuambia tumwite Ivyne kuanzia wapi? Malaba?"

"Nilikuwa nafikiria Eldoret," akasema, na Mungu ni shahidi wangu, hakuwa anatania.

Hapo nilicheka, kicheko kibaya kinachotoka bila ruhusa.

"Kuna kitu ingine," akasema. "Alinipigia baada ya wewe kuongea naye. Tangu mwezi ule mtoto wetu alizaliwa, Peres hajapata kuwa mzima. Kikohozi. Anakonda. Amepimwa kila kitu Kampala, hawaoni kitu. Alikuwa anashindwa kuelewa. Sasa anasema ameelewa."

"Ameelewa nini?"

"Anataka jina lake."

"Ajipe lingine! Majina yameisha?"

"Nilimwambia hivyo. Nilimwambia angoje, tutakuja, tutaongea pole pole. Tangu jana hashiki simu."

Nikamwambia apige. Alipiga mbele yangu akaweka sauti nje. Ililia mpaka ikachoka. Alipiga tena. Mara hii mwanamume alipokea, akasema kwa Kiswahili cha Uganda kwamba mke wake hayuko, alipanda basi la Nairobi jana.

Nilirudi juu kwa zile ngazi nikijisemea maneno ya kanisani. Homa ni chanjo. Kikohozi ni kifua. Tunda ni tunda. Niliyarudia kila ghorofa, na kila ghorofa yalikuwa yakipungua nguvu, kwa maana kilio cha binti yangu kilisikika hadi chini na kilikuwa kimebadilika, kimekuwa chembamba.

Nilimkuta Mama ameketi sakafuni na mtoto kifuani, amemfunga kwa leso yake. Namalwa alikuwa akilowesha kitambaa kwenye maji.

"Namalwa, leta shuka. Tunaenda hospitali sasa hivi."

Kabla hajainuka, ile simu ya ukutani inayotoka langoni ikalia. Namalwa akaichukua, akasikiliza, akacheka kidogo.

"Ni Muindi. Anasema kuna mgeni, anaitwa Peres. Nimemwambia Peres tuko naye hapa ndani!"

Hakuna aliyecheka naye.

Mama aliinuka na mtoto, akaja pole pole, akamnyang'anya Namalwa simu. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kusikia. Muindi alikuwa amemwachia mgeni aongee mwenyewe, na ile sauti ya Jinja ikasema, katikati ya kikohozi, "Mama? Ni wewe? Mama, ni mimi."

Siwezi kuwaficha. Niliona uso wa yule bibi ukifunguka. Alimtambua. Hakuna mama asiyetambua. Midomo yake ilianza kutengeneza jina, ikafika katikati. Kisha akamtazama mtoto kwenye leso.

"Mimi nilizika Peres," akasema.

Akataka kuirudisha simu ukutani. Ikamshinda kuiangika, ikabaki ikining'inia. Alimpangusa mtoto machozi kwa ncha ya leso, na yake mwenyewe akayaacha yashuke.

"Peres ni huyu," akaniambia. "Fungeni mlango. Asipande."

Nilimwona akimfukuza binti yake ili amwokoe wangu, na sikujua nimshukuru au nimlaani. Sijajua hadi leo ninapowaandikia.

Nikaenda dirishani. Odhiambo alikuwa amefika langoni. Alikuwa amemkumbatia mwanamke mwembamba, mwembamba sana, aliyevaa koti la baridi juani. Yule mwanamke hakuwa akimtazama Odhiambo. Alikuwa ameinua macho juu ya bega lake, anahesabu madirisha yetu, akitafuta.

Nikarudi nyuma. Mtoto alikuwa amelegea shingo, macho nusu wazi.

"Mama, nipe mtoto. Huyu ni wa hospitali."

"Ngoja kwanza yule aondoke."

"Atakufa tukingoja!"

"Nyar Kangemi, nisikize. Lango ni moja. Huwezi kumpitisha huyu hapo bila wao wawili kuonana. Ukishuka na yeye sasa, utapanda peke yako."

Namalwa aliweka mikono kichwani. Mimi nilimfungua mtoto kutoka kwenye leso ya nyanya yake, kidole kwa kidole, kwa sababu bibi yule hakuachilia kwa hiari. Sikuwa jasiri. Nilikuwa mama mwenye mtoto mgonjwa, na hospitali ilikuwa upande wa pili wa lango.

Nikaanza kushuka. Peres alikuwa akilia begani pangu, pumzi yake ya moto shingoni. Juu, Mama alikuwa ametoka mlangoni akiita majina kwa Kiluo, majina mengine, ya wafu wengine, moja baada ya jingine, akimtafutia mtoto jina jipya akiwa mbio mbio. Hakuna lililomnyamazisha.

Nilipofika katikati ya ngazi nikasikia mtu anapanda kutoka chini. Alipanda pole pole. Hatua chache, kikohozi. Hatua chache, kikohozi. Odhiambo alikuwa nyuma yake akisema, "Peres, ngoja, nimekuomba ungoje," na mimi sikujua anamwambia yupi kati ya hao Peres wawili.

Nikasimama. Nikageuka ili mgongo wangu uwe kati ya mtoto na zile hatua, nikamfunika uso kwa kiganja asione wala asionekane.

Binti yangu akanyamaza. Ghafla tu, katikati ya kilio. Mwili wake ukawa mzito begani.

Na huko chini kikohozi kikakoma, zile hatua zikaanza kupanda haraka, kama za mtu mwenye afya.

Nilimshusha mikononi, nikaweka sikio kifuani pake. Moyo wangu mwenyewe ulikuwa ukipiga kwa kelele kiasi kwamba sikuweza kuusikia wake.